Kidonge Hiki Unakimeza kwa Maumivu Gani?

Hotuba kwa jumuiya ya wazungumzaji wa Kiswahili, Lexington, Kentucky

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, baba zetu, wachungaji, mashehe, na ninyi vijana mliotoka kazini mkaja moja kwa moja hapa na viatu vya kazi miguuni, nawashukuru. Najua wengi wenu mmesimama tangu alfajiri kwenye mabohari, kwenye viwanda vya nyama na kwenye nyumba za kutunzia wazee. Viti vya ukumbi huu ni vigumu. Anayetaka kusimama asimame, anayetaka kujinyoosha ajinyooshe. Tumekuja kuzungumza habari za maumivu, basi tusianze kwa kuyaficha.

Mimi ni nesi wa afya ya akili. Kazi yangu ni kukaa na watu wenye maumivu yasiyokwisha: mgongo wa miaka mingi, goti lililokwisha, bega lililoteguka kwa kuinua wagonjwa, kichwa kinachogonga tangu enzi za kambini. Wengi wao wameandikiwa vidonge vikali vya jamii ya afyuni, yaani oksikodoni, haidrokodoni, tramadoli, mofini na ndugu zao. Wenyeji wa shughuli hii wameniomba nieleze kwa nini baadhi ya watu huishia kuvitumia vidonge hivyo kwa namna inayowaangamiza, na wengine wenye mgongo ule ule na dozi ile ile hawafiki huko. Jibu mnalolisikia mitaani, na wakati mwingine hata madhabahuni, ni kwamba wale ni watu dhaifu, au watu wasiomcha Mungu. Nimekuja kulipinga jibu hilo kwa nguvu zangu zote.

Tunaishi katika jimbo linaloijua habari hii kwa machozi. Huko mashariki mwa Kentucky, kwenye milima ya makaa ya mawe, wanaume wameumia migongo migodini kizazi baada ya kizazi. Desemba 1995 serikali ya Marekani iliidhinisha kidonge kiitwacho OxyContin, cha kampuni ya Purdue Pharma, na mwaka uliofuata kikaingia sokoni kwa kishindo, hasa katika sehemu kama hizo zenye majeruhi wengi. Madaktari waliambiwa kwamba mtu mwenye maumivu ya kweli hanaswi na dawa hizi ila kwa nadra sana. Ushahidi uliorudiwa kuliko wote ulikuwa barua ya sentensi tano iliyochapishwa mwaka 1980 katika jarida kubwa la madaktari hapa Marekani. Ilisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa za aina hiyo hospitalini, wanne tu ndio waliothibitika kupata uraibu.

Barua ile haikudanganya. Ila iliwahusu watu waliolazwa. Nesi ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kabati la dawa, nesi ndiye aliyejua nani amepewa nini na saa ngapi. Haikusema lolote juu ya mtu anayekabidhiwa chupa ya vidonge akaenda nayo nyumbani, mwezi baada ya mwezi, akabaki nayo usiku peke yake na mawazo yake. Hesabu ya kitandani hospitalini ikachukuliwa ikawa ahadi ya chumbani. Mwaka 2007 kampuni mshirika wa Purdue ilikiri mahakamani kwamba ilipotosha watu kuhusu hatari ya kidonge hicho, na Desemba 2015 Purdue ikakubali kulilipa jimbo letu la Kentucky dola milioni 24. Kufikia mwaka 2012 vyeti vya dawa za namna hii vilivyoandikwa Marekani vilipita milioni 255 kwa mwaka mmoja. Baadaye ikaja heroini, kisha fentanili, dawa ya jamii hiyo hiyo lakini yenye nguvu kuizidi heroini, na mwaka 2021 nchi hii ilizika watu zaidi ya 100,000 waliokufa kwa kuzidisha dawa. Mengi ya hayo mmeyasikia kwenye habari. Kampuni ilibeba lawama, na ilistahili. Lakini kampuni peke yake haielezi kwa nini mtu huyu alinasa na jirani yake hakunasa, na hapo ndipo ninapotaka tukae.

Kwanza tuelewane maumivu ni nini. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kinayaeleza kuwa ni hisia ya mwili na ya moyo kwa pamoja. Haikuandikwa hivyo kwa kupenda maneno. Mwaka 2011 watafiti wa Oxford waliwaita watu 22 wenye afya njema, wakawa wanawaunguza kidogo kwa joto, kiasi cha kuumiza bila kujeruhi, huku dawa kali ya jamii ya afyuni ikiingia mshipani mwao. Mwanzo walipitishiwa dawa bila kujua kwamba imeanza. Maumivu yakapungua kiasi. Kisha wakaambiwa, sasa dawa inaanza. Kiwango hakikubadilishwa hata chembe, lakini nafuu ikawa maradufu. Mwisho wakaambiwa dawa imekatwa, kaeni tayari, huenda mkaumia zaidi. Dawa haikuwa imekatwa. Ilikuwa bado inatiririka kwenye damu yao vile vile. Na nafuu yote ikayeyuka.

Hebu lifikirini jambo hili taratibu. Mtu ana dawa ya nguvu mwilini, na hofu peke yake inatosha kuifuta. Sasa mchukueni mtu ambaye hofu kwake haikuletwa na mtafiti kwa dakika chache. Ni mtu aliyelala porini na watoto, aliyevuka Ziwa Tanganyika usiku, aliyekaa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Nakivale miaka kumi na kitu akingoja jina lake libandikwe ubaoni, kisha akaletwa hapa akapewa miezi michache ya msaada na orodha ya bili. Mtu huyo akimeza kidonge cha mgongo, kidonge kinakuta kazi nyingine tele zinakingoja mlangoni.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba mgongo wako ni wa kubuni. Sisemi uko kichwani mwako. Wagonjwa wangu wameambiwa hivyo mara nyingi mno, na kila anayewaambia hivyo anawasukuma kwenye vidonge zaidi, kwa sababu mtu asiyeaminiwa huona hana budi kuthibitisha. Ninachosema ni kwamba njia za fahamu zinazobeba habari za mgongo zinapita mahali pamoja na zile zinazobeba hofu, huzuni na upweke, na vidonge hivi vinazigusa zote. Havichagui. Dawa iliyoandikwa kwa ajili ya uti wa mgongo inatuliza pia kifua kinachodunda saa tisa za usiku.

Nitawaeleza habari za mama mmoja. Ameniruhusu, na nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike. Ni mama wa makamo kutoka upande wa Uvira, mashariki mwa Kongo, na wakati huo alikuwa akifanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Siku moja alikuwa anamgeuza mzee kitandani, mzee akateleza, mama akamdaka, na kitu kikakatika kiunoni. Picha zilionyesha pingili imeumia kweli. Akaandikiwa oksikodoni, kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Wiki za kwanza kidonge kilifanya kazi yake. Lakini kile cha jioni kilifanya na jambo jingine ambalo hakuna aliyemwandikia: alilala bila ndoto. Tangu alipokimbia nyumbani alikuwa haulali usiku wote. Siku ikaja barua ya mwenye nyumba kuhusu kodi, akameza kimoja cha ziada. Akapigiwa simu kutoka kambini kwamba dada yake anaumwa na hana wa kumpeleka hospitali, akameza viwili. Mgongo ulikuwa pale pale ulipokuwa jana. Haukuwa umezidi wala kupungua. Vidonge vya siku thelathini vikawa vinaisha ya ishirini, akaazima kwa jirani, jirani naye akampa kwa huruma, kwa sababu kwetu mtu mwenye dawa hamwachi mwenziwe anaumia. Mama yule hakuwahi kutafuta raha hata siku moja. Alitafuta usiku mmoja wa amani, na akaupata kwenye chupa iliyoandikwa jina lake.

Akarudi kliniki. Mkalimani wake alikuwa mwanawe wa miaka kumi na minne. Daktari akauliza swali linaloulizwa kila mahali katika nchi hii: kutoka sifuri mpaka kumi, unaumwa kiasi gani? Mama akasema kumi. Mtoto akasema kumi. Daktari akaongeza dozi.

Ningependa kila daktari wa mji huu akae na lile jibu la mama. Ndani ya ile kumi kulikuwa na pingili ya mgongo, labda nne au tano kwa kipimo cha swali lile. Iliyobaki ilikuwa dada aliyeko kambini, kodi, usingizi uliokatika, na mambo aliyoyaona Uvira ambayo hakuna mama anayeyasema mbele ya mwanawe wa kiume. Aliulizwa swali moja tu, akaliweka humo kila kitu. Ungemfanya nini? Swali halikuwa na nafasi nyingine ya kuyaweka.

Na tuseme ukweli kuhusu sisi wenyewe. Katika jamii zetu mgongo unaheshimika. Baba akisema mgongo unauma, watu watampisha kiti, watamletea chai, watamwombea. Baba yule yule akisema, jamani mimi naogopa, usiku moyo unanienda mbio, nasikia kulia bila sababu, watanong'ona kwamba amerukwa na akili, na huenda mkwe asimwozeshe mwanawe. Basi mwili unakuwa ndio mlango pekee unaoruhusiwa kutokea huzuni. Nimekaa na wanaume walionieleza viungo vyao kimoja kimoja kwa saa nzima, na dakika ya mwisho, mkono ukiwa kwenye kitasa, wakataja mtoto waliyemzika njiani. Nimejifunza kutoinuka mapema.

Wataalamu wameyachunguza mambo haya kwa miaka mingi. Kuna dodoso la maswali 13, limetumika tangu 1995, linalopima jinsi mtu anavyoyawaza maumivu yake: je, anashindwa kuyatoa mawazoni, je, anayaona kuwa dalili ya balaa kubwa linalokuja, je, anajiona hana la kufanya? Watu wenye alama za juu huumia zaidi kwa jeraha lile lile, na wako karibu zaidi na matumizi mabaya ya vidonge. Kuna pia hofu ya kujongea. Mtu anaogopa kuinama asije akaumia, anakaa, anakaa zaidi, misuli inalegea, siku akiinama inauma kweli, hofu inapata ushahidi, na kidonge kinakuwa ndicho kinachomwezesha hata kufika msikitini au kanisani. Kuna sonona. Kuna wasiwasi. Kuna jeraha la vita lililobaki akilini.

La jeraha la vita nitalikalia kidogo, maana linatuhusu. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa askari wa Marekani zaidi ya 141,000 waliorudi kutoka Iraq na Afghanistan wakiwa na maumivu. Kati ya wale wasiokuwa na ugonjwa wowote wa akili, walioandikiwa vidonge vya jamii ya afyuni walikuwa asilimia 6.5. Kati ya wale wenye majeraha ya akili ya vita, walikuwa asilimia 17.8. Hao hao ndio walioelekea kupewa dozi kubwa zaidi, kuchanganyiwa na dawa za usingizi, na kurudi mapema kuomba nyingine. Wao walikuwa wanajeshi, walikwenda na bunduki na wakarudi kwa nyimbo. Sisi tulikuwa raia, na ndugu zetu wengi walikuwa watoto. Sioni kwa nini miili yetu iwe na mkataba tofauti na vita.

Utazameni mgeuko uliomo humo. Unaweza kudhani daktari angekuwa mwangalifu zaidi kwa mtu mwenye mzigo mkubwa moyoni. Imekuwa kinyume. Anayeteseka zaidi ndiye anayelia zaidi, anayelia zaidi ndiye anayepewa zaidi, na tafiti za wagonjwa wa mgongo zinaonyesha kwamba wenye wasiwasi na sonona nyingi wanapata nafuu ndogo kwa dawa ile ile, karibu nusu ya ile wanayopata wenzao. Wanapewa nyingi kwa sababu haiwasaidii, na kwa kuwa haiwasaidii wanaongeza. Siwalaumu madaktari wote. Wengi ni watu wa huruma wenye dakika kumi na tano na foleni mlangoni, na katika dakika kumi na tano kuandika cheti cha dawa ndilo jambo la huruma lililo karibu. Lakini huruma isiyouliza swali la pili imezika watu.

Halafu mwili nao unaingia mchezoni. Baada ya wiki kadhaa za kumeza kila siku, mwili unazoea, na kidonge kinapoanza kutoka, mtu anatokwa jasho, anapiga miayo, tumbo linakata, mifupa inauma, anaingiwa na woga usio na sababu. Vijana wa Dar es Salaam wanaiita arosto. Mgonjwa wa mgongo haijui kwa jina hilo. Yeye anasema mgongo umerudi, tena umerudi mkali. Anameza, inatulia, na akili yake inaandika somo: bila hiki sitaishi. Sehemu ya maumivu anayoyatibu jioni imeletwa na kidonge cha asubuhi. Na matumizi ya muda mrefu yanaweza kuufanya mwili wenyewe uhisi maumivu kwa wepesi zaidi kuliko zamani.

Naomba msichanganye mwili kuzoea na uraibu. Yeyote anayemeza dawa hizi kila siku kwa muda mwili wake utazoea, awe askofu au mlevi. Uraibu ni pale mtu anapoendelea ilhali anaona zinamvunjia kazi, ndoa na afya, na akitaka kuacha hawezi. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotoka mwaka 2015 yalikadiria kwamba kati ya wenye maumivu sugu wanaopewa dawa hizi, asilimia 21 hadi 29 huzitumia tofauti na walivyoelekezwa, na asilimia 8 hadi 12 hupata uraibu. Ni wengi sana. Lakini zigeuzeni namba hizo mwone pia kwamba walio wengi hawafiki huko. Kumtishia mgonjwa kwamba kidonge kimoja tu na umekwisha ni uongo, na uongo huo una madhara: akishameza kimoja na asife, hatakuamini tena kwa lolote.

Na kuna wazee humu ambao huko nyumbani waliwaona mama zao wakifa kwa saratani wakipiga kelele bila hata tone la mofini. Hilo nalo ni dhuluma. Uganda, tangu 1993, watu wa tiba shufaa, yaani ya kuwatuliza maumivu wenye magonjwa mazito, wamepigania mofini ya maji iwafikie wanaokufa nyumbani, na wamefanikiwa kwa kiasi ambacho nchi nyingi hazijafika. Mwenye saratani apewe dawa yake. Aliyepasuliwa jana apewe dawa yake. Ninayemzungumzia leo ni mtu wa mgongo na goti, wa mwaka hadi mwaka, na kwake habari ni nyingine. Minneapolis, ambako nako Waafrika ni wengi, wastaafu wa jeshi 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, goti au nyonga walifuatwa kwa miezi kumi na miwili, nusu wakitumia dawa za jamii ya afyuni na nusu wakitumia dawa nyingine za kawaida. Matokeo yalichapishwa 2018. Wale wa vidonge vikali hawakuweza kufanya shughuli zao vizuri kuliko wenzao, na maumivu yao yalikuwa makali kidogo zaidi.

Sasa msikie niliyo na hofu nayo kuliko yote mtakapotoka hapa. Nina hofu kwamba kijana mmoja atakwenda nyumbani leo, achukue chupa ya baba yake, aimwage chooni kwa mapenzi. Usifanye hivyo. Mwaka 2016 serikali ilitoa mwongozo wa kupunguza vyeti vya dawa hizi, na baadhi ya madaktari wakausoma kama amri ya kuwakatia watu ghafla. Wagonjwa walioachwa hivyo walipata mateso makali, wengine walijiua, wengine walikwenda kununua mtaani kidonge kinachofanana kabisa na chao, cha rangi ile ile na chapa ile ile, kumbe ndani ni fentanili. Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ililazimika kutoa onyo rasmi dhidi ya kuwakatia watu ghafla. Kupunguza ni kwa taratibu, kwa miezi, pamoja na daktari, na mgonjwa akiwa na sauti katika mwendo wake. Kwa aliyekwishanaswa kuna buprenofini, ambayo tangu mwanzoni mwa 2023 daktari wa kawaida anaweza kuiandika bila kibali maalumu kilichokuwa kikitakiwa zamani. Ni tiba halali. Anayeitumia hajabadilisha ulevi mmoja kwa mwingine, kama wengine wanavyomwambia. Anatibiwa.

Wachungaji wangu na mashehe wangu, nanyi nina ombi. Sala ni tiba ya kweli ya hofu, nimeiona ikifanya kazi ambayo mimi siwezi. Lakini tafadhali msimwambie mtu asimame mbele ya watu atupe vidonge vyake iwe ushuhuda. Akishikwa na arosto siku ya pili, atadhani Mungu amemkataa. Mwombeeni, kisha mumsindikize kwa daktari Jumatatu.

Yule mama tulifanya naye nini? La kwanza lilikuwa mkalimani. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu wa kisheria kukupa mkalimani bila malipo, hata kama ni wa kwenye simu. Huna haja ya kumleta mtoto. Siku mama alipozungumza Kiswahili na mtu mzima asiyemfahamu, mtoto akiwa nje kwenye benchi, alizungumza kwa mara ya kwanza habari za usiku. Daktari aliweka kalamu chini. Kuanzia hapo tukawa na magonjwa mawili ya kutibu badala ya mmoja, na hiyo ilikuwa nafuu kwetu sote, kwa sababu ndoto za kutisha zina tiba yake, na usingizi una tiba yake, wala hazihitaji oksikodoni.

La pili ni zoezi ninalolifundisha, ambalo chimbuko lake ni tiba iliyopimwa kule Utah na kuchapishwa mwaka 2022. Watu 250 wenye maumivu sugu waliokuwa wakivitumia vidonge vibaya waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kikao cha kawaida cha kuzungumza na kufarijiana. Lingine, kwa wiki nane, lilifundishwa kutuliza akili, kuyatazama maumivu bila kuyakimbia, na kurudisha ladha ya mambo mema madogo yaliyobaki maishani. Miezi tisa baadaye asilimia 45 ya kundi la pili walikuwa hawavitumii tena vibaya, dhidi ya asilimia 24.4 ya kundi la kwanza. Hata wale waliofarijiana tu walipata kitu, msilidharau hilo.

Zoezi lenyewe ni hili. Kabla ya kumeza, weka kidonge mezani. Kaa. Pumua polepole kwa dakika tatu hivi, ukiisikia pumzi inavyoingia na kutoka. Kisha jiulize: kidonge hiki ninakimeza kwa maumivu gani? Peleka akili mahali panapouma. Panawaka? Panabana? Panaanzia wapi, panaishia wapi? Ukikuta ni mgongo, na saa yake ya dawa imefika, meza bila aibu. Ukikuta ni barua ya kodi, basi umejua ni barua ya kodi. Bado itauma. Lakini sasa unaweza kuinua simu kumpigia mtu anayejua habari za kodi, jambo ambalo oksikodoni haitakufanyia. Mama alianza kuandika kwenye daftari la shule la mwanawe: jina la maumivu, saa, na kama alimeza au la. Kurasa za mwanzo zimejaa neno mgongo. Baadaye yanaanza kuonekana majina ya watu. Ameshuka dozi hadi chini ya nusu, bado anaumwa kiuno, bado anafanya kazi, sasa ni ya mchana. Hajapona. Analala.

Nimalizie kwa yale ya kushika mkononi. Vidonge vyako si vya jirani, hata akilia. Usivichanganye na pombe wala dawa za usingizi. Vifungie, nyumba zetu zina watoto na wageni wengi. Usivitume nyumbani kwa mizigo.

Na kila nyumba yenye vidonge hivi iwe na naloksoni, ile dawa ya kupuliza puani inayomwamsha aliyezidisha vidonge hivi, ambayo tangu 2023 imeruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari. Ukimkuta mtu haamki hata ukimsugua kifua kwa nguvu, anakoroma kwa sauti ya maji kooni, anapumua mara chache sana, usiseme amechoka, muache alale. Kwa ngozi zetu nyeusi usingoje kuona bluu. Angalia kucha na ndani ya midomo, panakuwa kijivu. Mpulizie tundu moja la pua, piga simu ya dharura 911, mlaze ubavu, na baada ya dakika mbili au tatu akiwa hajaamka mpulizie nyingine. Kama hakuwa amemeza dawa hizi, naloksoni haitamdhuru. Sheria ya Kentucky ya 2015 inamlinda na mashtaka ya kukutwa na dawa mtu anayepiga simu kumwokoa mwenzake na kubaki naye. Na anayefikiria kujiua apige 988, aombe mkalimani wa Kiswahili.

Viboksi vya naloksoni viko kwenye ile meza karibu na chai, ni bure, hakuna anayeandika majina. Chukua hata kama nyumbani kwako hakuna anayevihitaji, maana huenda jirani anavihitaji na hawezi kuja kusimama mbele ya watu. Mimi nitapokea maswali hapa, na baada ya hapo nitakaa kwenye chumba cha watoto kule nyuma kwa yeyote mwenye neno la faragha. Wazee kwanza.